Ngozi ya Mlima

Wifi yangu alianza kukataa chakula majira yale yale binti yangu alipoanza kunichukulia vyombo vya jikoni bila kuaga. Mambo hayo mawili sikuyaunganisha. Nani angeyaunganisha? Moja lilikuwa la msiba, na la pili niliona ni utundu wa mtoto aliyekua bila kuchapwa vya kutosha.

Nianze na la msiba. Wifi, dada wa marehemu mume wangu, alijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, fundi bati. Mtaa mzima ulimwita Gumba, kwa sababu alijigonga dole gumba kwa nyundo tangu siku za kujifunza ufundi, likabaki bapa kama kijiko. Alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka, mchana kweupe, watu wakimwangalia. Tulimzika. Tangu hapo mama yake akawa mtu wa kudonoa. Ukimpa sahani anasukuma huku, anasogeza kule, ukigeuka anasema ameshiba. Nikawa nampelekea uji kila asubuhi baada ya sala, kwenye chupa ya chai, nakaa mbele yake na kulinda kila kijiko. Nimefiwa na mimi. Najua huzuni haiui yenyewe, huituma njaa.

La pili ni hili. Kitinda mimba wangu, ndiye aliyebaki nami nyumbani, hutengeneza picha kwa kompyuta. Si za kupiga, anaziumba. Mtu akitaka picha ya jumba ambalo bado halijajengwa, anamchorea mpaka mapazia. Chumba chake kina pazia jekundu mlangoni na ndani kunavuma feni ya mashine kutwa nzima. Siku moja nilikwenda kuteremsha sufuria yangu kubwa kwenye msumari wake, nikakuta msumari peke yake.

Sufuria ile ilitoboka kitako zamani, nikampelekea Gumba. Akaibandika kiraka cha bati chenye umbo la sikio, akakikaza kwa ribiti tatu, vile vijisumari vya vichwa bapa. Ya katikati ililala upande. Dole lake lile halikuwa likishika sawa, kwa hiyo katika kazi zake zote ribiti ya katikati ililala. "Mkazamjomba," aliniambia akinirudishia, "hii itakuzika." Kumbe.

Nikaikuta uani. Binti yangu amelala kifudifudi chini kama mtoto mchanga, sufuria ameigeuza kitako juu, simu iko mkononi, anaipiga picha masizi. Jua la asubuhi lilikuwa linakuja kwa ubavu.

"We mtoto, sufuria imekukosea nini?"

"Natafuta ngozi, mama."

"Ngozi ya nani?"

"Ya mlima."

Akanivuta ndani nikaone. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na vilima vya kijivu, vitupu, kama unga uliokandwa ukasahauliwa. Akanieleza kwamba mashine haijui jiwe wala majani. Inajua maumbo tu. Umbo lazima ulivishe ngozi, na ngozi unaipata kwa kupiga picha kitu chenye mikwaruzo ya kweli, kisha unaizungushia umbo kama unavyovisha mto foronya. Masizi yangu yangekuwa jabali. Nyuzi za fagio langu la deki zingekuwa nyasi. Mfuko wa plastiki uliokunjamana ungekuwa mto wa maji.

"Mawe yamejaa huko mtandaoni," nikamwambia. "Kwa nini usichukue hayo, ukaniachia chombo changu?"

"Mteja hataki. Anataka nchi isiyo ya dunia hii, na kila kitu kiwe kipya. Mtu akikitafuta mtandaoni asikipate popote."

"Mtu anayeogopa kutafutwa ana jambo."

"Mama, kwako wewe kila mtu ana jambo."

"Na kila mtu analo."

Akacheka. Mimi nikaiosha sufuria upande wa ndani, nikairudisha msumarini, na tangu siku hiyo nikawa nahesabu vyombo kwa macho kila nikiingia jikoni.

Mteja alikuja mwenyewe kuangalia kazi. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alimwona kabla yangu. "Leo umepata mkwe," akaniambia juu ya ukuta. "Ana viatu vya kuposea." Kweli viatu vyake vilinishangaza. Njia yetu ni vumbi tupu, wote tunafika tukiwa na soksi za vumbi, lakini yeye viatu vyake viling'aa. Nikafikiri: huyu amesimama pale kona akavifuta kabla ya kubisha hodi. Mtu anayejifuta kabla hajaonekana, kuna vingine pia anavifuta.

Alikuwa mpole, sauti yake laini kama mafuta ya nazi. Aliniita mama mzazi. Nilimletea maji, akayashika bila kuyanywa. Nilikaa kwenye kigoda karibu na pazia, shanga zangu za sala mkononi, nikawa nasali na kusikiliza, masikio hayajakatazwa.

"Jua usiweke," alimwambia binti yangu. "Weka mianga miwili, yoyote utakayopenda, ila isiwe jua. Mto uwe unapanda kwenda juu. Na hapo njiani, uniachie nafasi ya mtu."

"Mtu gani, kaka? Niambie nimchore kabisa."

"Hapana. Nafasi tu. Nitamweka mwenyewe, mgongo unatosha." Akazungusha maji mkononi. "Na hivi vitu hukuvitoa mahali?"

"Vyote ni vya hapa nyumbani."

"Vizuri," alisema, na ndipo akanywa maji.

Alipoondoka nilimwuliza binti yangu ile picha ni ya kazi gani. Akasema ni ya watu wenye majonzi, wapate kitu cha kutazama watulie. Siku ile mashine ilivuma mpaka meza ikatetemeka. "Inapika, mama," akasema. Ndivyo wanavyosema vijana, picha inapikwa mpaka iive. Nilinusa. Mimi chakula kisichonukia sikili mpaka nimwone aliyekipika akikila.

Baada ya hapo mteja hakurudi. Nikadhani jambo limekwisha.

Wiki ile ile nilipeleka uji kwa Wifi, nikamkuta ameoga, amejipaka mafuta, amekaa kitandani anatabasamu. Moyo wangu ulifurahi, nikafungua chupa. Akaweka kiganja juu ya kikombe.

"Leo sili, wifi."

"Umefunga?"

"Naandaliwa."

"Unaandaliwa na nani, kwa ajili gani?"

"Mfariji amesema mwili ukipungua, pazia kati ya huku na huko nalo linapungua. Nitamwona mwanangu. Nimeshaonyeshwa alipo."

Mfariji ndiye nani? Akasema ni mtu wa Mungu, anapita kwa waliofiwa, hataki kujulikana. Nikazungusha macho chumbani. Sanduku la vyombo vya Gumba, lililokaa pembeni tangu mazishi, halikuwepo. Imebaki alama ya mafuta sakafuni, mraba, kama kaburi dogo.

"Sanduku liko wapi?"

"Vyuma vilikuwa vinamvuta chini asipande. Mfariji amenisaidia kuviondoa."

"Amevipeleka wapi?"

"Wifi, wewe ungekuwa askari." Akageukia ukutani.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Uji nilikuwa naenda nao na kurudi nao. Pete yake ya ndoa akaizungushia uzi isidondoke. Halafu akawa hasimami bila kushika ukuta. Nilimwita muuguzi wa zahanati, akampima, akamsihi, akaambulia lile tabasamu. Nje mlangoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, huyu mwili hauna akiba tena. Kama hakuna kitakachoingia tumboni siku hizi mbili tatu, mtaniita kwa kazi nyingine."

Nikarudi ndani, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Sikumlaumu. Nilimwambia, "Basi nionyeshe na mimi huko unakokwenda. Mtu hasafiri bila kuwaambia ndugu njia."

"Amekataza kuwaonyesha wenye shaka."

"Mimi nina shaka na watu. Na Mungu sina."

Mkono wake ukaenda kwenye mto. "Utacheka."

"Lini umeniona nacheka?"

"Kweli," akasema. "Sijakuona tangu kaka yangu alipokuoa." Akatoa simu chini ya mto.

Sitasema uongo, palikuwa pazuri. Majabali meusi yamesimama hewani bila kugusa chini, yana mng'ao kama manyoya ya kunguru. Mianga miwili, mmoja wa zambarau na mwingine wa shaba. Mto mweupe umepanda mlima taratibu kama moshi. Nyasi ndefu zimelalia upande mmoja, utadhani kuna upepo ambao wewe huusikii. Na njiani mtu amesimama, nguo nyeupe, ametugeuzia mgongo.

"Ni yeye," alisema Wifi. "Mabega yale siwezi kuyasahau."

Mgongo ni mgongo. Nani asiye nao? Lakini sikusema kitu, kwa sababu kidole chake kilikuwa kimekwisha kusogea kwenye jabali kubwa. Ubavuni palikuwa na uwanda wenye umbo la sikio, na kwenye uwanda huo, mapango matatu.

"Mfariji anasema anakaa hili la katikati. Hilo lililoinama kidogo."

Nililijua kabla sijajua kwamba ninalijua. Mikono ilinitangulia: vidole vyangu vilikumbuka pale ninapopita na waya wa kusugulia masufuria, vinaporuka kile kiraka. Nikaomba niishike simu nitazame karibu. Nikatazama nyasi, nikaona fagio langu. Nikatazama tena pango la katikati.

"Pazuri," nikasema, nikamrudishia. Huo haukuwa uongo.

Kwa nini sikumwambia pale pale? Kwa sababu mtu aliyeshikilia kamba, ukiikata ghafla hushukuriwi, anaanguka tu. Na ningesema nini? "Mbingu yako ni sufuria yangu"? Angesema nimeona wivu, na Mfariji angemwambia ndivyo wenye shaka wanavyosema.

Nilifika nyumbani, nikafungua pazia jekundu bila hodi. "Nionyeshe ile picha ilivyoiva."

Binti yangu akaifungua. Ilikuwa ile ile, ila njia ilikuwa tupu.

"Shangazi yako ameiona," nikamwambia. "Kwenye simu. Kaka yako Gumba amewekwa hapo, kwenye nafasi ya mtu. Anaishi ndani ya ribiti. Na mama yake amegoma kula ili amfuate."

Alishika kichwa. Nilimtazama uso vizuri, maana uso hutangulia mdomo. Ulibadilika, lakini haukubadilika wote.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua ni ya waliofiwa. Nilidhani wataitundika ukutani, mama, kama wanavyotundika maua. Sikujua anawaambia ni kweli."

"Alipokuambia umwachie nafasi ya mgongo, ulidhani ni wa nani?"

Akainamia kibodi. Mtoto ni wangu, nimemwamini. Lakini tangu siku ile, akiniambia jambo nangoja na lile la pili lake.

Akataka kumpigia mteja simu papo hapo amtukane. Nikamkataza. Ukimgonga nyoka mkia unampa nafasi ya kugeuka. Kufika jioni angekuwa na hadithi mpya. Akasema basi yeye abebe kompyuta, aende akamwonyeshe shangazi yake jinsi alivyounda vile vilima vya kijivu.

"Atasema mashine yako imeiga mbinguni."

"Sasa tufanyeje?"

Nikaenda jikoni nikateremsha sufuria.

Asubuhi, baada ya sala, niliibeba kichwani kwa kuifudikiza, masizi juu. Unga na kifurushi cha sukari nilivibeba mkononi. Fundi cherehani aliacha pedali akanitazama. "Jirani, unahama?"

"Nahamisha mlima."

"Imani unayo," akasema, akaendelea kushona.

Wifi alikuwa amelala, macho yameingia ndani kama dirisha la nyumba tupu. Sikumsalimia sana. Nilikoka jiko lake hapo hapo mlangoni anaponiona, nikapika uji, nikaukoroga kwa makusudi mazima, harufu ikaingia chumbani. Ulipoiva niliumimina wote kwenye bakuli kubwa. Sufuria niliiacha ipoe, kisha nikaipeleka kitandani na kuiweka mapajani mwake, kitako juu.

"Unanichafulia shuka," alisema.

"Nitazifua."

"Ya nini hii?"

"Shika tu, wifi. Mimi mikono imechoka."

Akaiwekea mkono kwa kutaka kuisukuma. Mkono ukasimama. Nikaona kidole kinatembea polepole juu ya masizi, kinafika kwenye kiraka, kinakizunguka ukingo wake wote, sikio zima. Kikagusa ribiti ya kwanza. Kikagusa ya katikati, kikabaki hapo.

"Hii imelala," alisema.

"Zake zote zililala."

"Dole lile." Akatoa simu chini ya mto kwa mkono wa pili. Akatazama kioo, akatazama sufuria, akatazama kioo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata kitambaa nilikuwa nacho. Hakulia. 

Hapo ndipo tuliposikia hodi. Ni ile sauti laini. Aliingia kabla hajakaribishwa, viatu vinang'aa, na nyuma yake barabarani kuna mkokoteni. Alikuja kuchukua fuawe, lile pande la chuma alilokuwa Gumba akifulia bati juu yake. Aliponiona pale, mwiko nimeshauchukua, alinitambua. Jicho moja lilipepesa tu, basi.

"Mama mzazi," akasema. "Kumbe ni ndugu."

"Dunia ndogo," nikamjibu. "Ile nyingine sijui."

Wifi hakumpa nafasi ya kuvuta kiti. "Mfariji, mwanangu anakaa pango lipi?"

"La katikati, mama. Si tulikwisha…"

"Hili?" Kidole kilikuwa bado juu ya ribiti.

Alitazama sufuria. Nilimwona akiisoma ribiti kwa ribiti, na nikaona pia alivyopata neno, maana watu wa namna ile neno haliwapotei mbali. "Mambo ya huko," alisema taratibu, "hujionyesha kwa mfano wa mambo ya huku. Hata mkono wa mtoto wako pengine uliongozwa…"

"Nirudishie nyundo yake," alisema Wifi.

"Mama, umefika karibu sana, usirudi nyuma sasa. Mwanao anakungoja."

"Nyundo, na mkasi wa bati, na sanduku. Fuawe haiondoki."

Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini haikukatika. Yule bwana alinigeukia mimi, labda akidhani mwanamke mwenye shanga za sala atamsaidia. Nilihamisha mwiko kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Akasema tumwombee, akasema atarudi tukiwa tumetulia. Nje nilisikia mkokoteni ukiondoka mtupu. Sanduku lililetwa jioni na mtu mwingine asiyetaka kutaja aliyemtuma, mkasi haukuwemo. Nimemweleza mwenyekiti wa mtaa, na ninawauliza wafiwa wote ninaowajua, mmoja mmoja, kama wanacho kwenye simu kilima cheusi. Wawili wameshanyamaza nilipouliza.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale chumbani tulibaki wawili, na bakuli linatoa moshi.

"Kwa hiyo hakuna mahali," alisema Wifi.

"Mahali papo. Mimi sijapaona. Na yule naye hajapaona."

"Na Gumba?"

"Yuko kwa aliyemuumba. Zaidi ya hapo nikikuambia nitakuwa nakudanganya, na leo umeshadanganywa inatosha."

Akawasha tena simu, akaikuza ile picha mpaka yule mtu wa nguo nyeupe akatoka nje ya kioo, ikabaki ribiti ya katikati peke yake, kubwa, imeinama.

"Hii siifuti," alisema. "Mgongo si wake. Hii ni yake."

Sikumbishia. Nilichota uji kwa kijiko, nikaupuliza, nikausogeza. Alifungua mdomo kama mtu anayefungua mlango kwa mgeni asiyemjua. Akaufumba. Akakaa nao.

Nimemlisha Wifi siku nyingi na najua ujanja wake wote. Anaweza kuuficha shavuni mpaka ugeuke. Kwa hiyo sikugeuka. Nilikaza macho pale kooni, kwenye ile mishipa miwili iliyokonda, nikangoja, mpaka nikauona uji unashuka.